Chupa Katika Friji ya Kahin

Muturi hakuwa mtu wa kuchukia vitu vingi. Alichukia kisu butu, alichukia mvua ya asubuhi, na alichukia friji moja. Ilikuwa friji nyeupe yenye kutu miguuni, iliyosimama ndani ya duka la jumla la Kahin kule Eastleigh, nyuma ya magunia ya mchele, ikinguruma kutwa kucha kama mtu aliyeshiba. Ndani yake, kati ya soda na maziwa, zilikaa chupa ndogo za dawa ambazo bila hizo mke wake asingemaliza wiki mbili.

Ndiyo maana alikuwa na maneno yake aliyojisemea akikata matairi. Mke analala kwangu, alijiambia, lakini uhai wake unalala kwa Kahin.

Alikuwa fundi wa akala, viatu vya matairi, katika soko la Kariokor. Mwaka huo wa 1979 ungemkuta pale pale alipokuwa ameketi tangu uhuru, mtu mfupi wa mabega mapana, amebana kipande cha tairi kati ya magoti, anakikata kwa kisu kilichopinda kama ukucha wa mwewe. Wateja wake walikuwa makuli, mabawabu, na vibarua wa viwandani waliokuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa sababu walisikia kwamba akala za Muturi huchosha miguu kabla hazijachoka zenyewe. Alitoka Murang'a kijana mwenye kisu cha kuazima, na tangu alipokirudisha kisu kile hakuwahi kumwomba mtu kitu tena. Kitanda alijitengenezea. Mlango wa chumba chao cha Majengo, Pumwani, aliupasua mbao mwenyewe. Paa likivuja alipanda yeye. Alipomwoa Waringa alimwambia kwamba katika nyumba yake hawatabisha hodi kwa jirani kuomba hata kiberiti, na kwa miaka kumi na tisa hawakubisha.

Kisha Waringa akaanguka kwenye foleni ya maji.

Alilazwa siku kumi na tano. Alipotoka alikuwa mwembamba, amebeba bomba la sindano la kioo ndani ya kijisanduku cha bati, chupa mbili za insulini, na maagizo. Muuguzi aliyasema matatu kwa pumzi moja: dawa ikae kwenye friji, isipate joto, isigande. Muturi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, aliyashika mawili ya kwanza.

Friji gani? Hakuna aliyeuliza. Majengo nzima, nyumba kwa nyumba, watu walisoma na kupika kwa mwanga wa taa za mafuta. Nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa yao zikienda viwandani, mashine zisikose kuzunguka, na chini ya nyaya hizo mama mmoja alikuwa amepewa dawa inayoharibiwa na joto, akaambiwa aende nyumbani salama. Mtu aliyeandika agizo lile alikuwa na friji yake. Huenda alikuwa na mbili. Haikumpitia akilini kwamba mgonjwa anaweza kuishi mahali ambapo kitu cha baridi kuliko vyote ni maji ya mtungi.

Muturi alipambana. Alichimba shimo chini ya kitanda, akatia ndoo ya maji, akaiteremsha chupa ndani ya kopo. Siku mbili maji yalikuwa baridi. Ya tatu yakawa vuguvugu, na kufikia wiki ya pili Waringa alikuwa anatapika, anakunywa maji kama ng'ombe na bado ana kiu. Ndipo mwanamke huyo, bila kumwambia mtu, akajifunga leso, akaenda mpaka duka alilonunulia unga, akarudi jioni uso umefunguka.

"Amekubali," alisema.

"Nani amekubali nini?"

"Kahin wa duka. Dawa itakaa kwenye friji yake. Nitakuwa naenda asubuhi kujidunga huko huko."

"Na anataka nini?"

"Hataki kitu."

Muturi aliacha kutafuna. Kama Kahin angedai malipo, jambo lingekuwa jepesi. Angelipa, wangekuwa sawa. Lakini mwanamume anayekupa baridi yake bure kila siku, mwanamume ambaye mkeo anabisha hodi kwake kabla hata hujafungua macho vizuri, huyo unamfanyaje?

Basi hivyo ndivyo maisha yalivyoenda, miaka mitatu. Kila asubuhi, jua likichomoza, Waringa alitoka na kijisanduku chake cha bati na kutembea hadi Eastleigh. Alijidunga, akanywa chai huko, akarudi. Chai ile ndiyo iliyomkera Muturi kuliko sindano. Kikombe cha kwanza cha siku, ambacho kwa miaka kumi na tisa walikinywa pamoja, sasa kilinyweka nyuma ya magunia ya mtu mwingine. Na Waringa alirudi na habari. Kahin amesema sukari itaadimika. Kahin amesema mvua imenyesha Isiolo. Kahin amesema nisitembee juani.

Sokoni nako hakukuwa na nafuu. Dishon, aliyekata mishipi ya ngozi kwenye benchi la jirani, alikuwa na ulimi uliokosa kazi.

"Mzee Muturi," angeanza, "leo mama ameamka saa ngapi?"

"Kata ngozi yako."

"Nauliza tu, mzee wangu. Mimi wangu akiamka mapema hivyo najua anaenda kanisani. Wako anaenda ibada gani siku saba kwa wiki?"

"Dishon, hiki kisu kinakata tairi la lori."

"Haya, haya! Nimenyamaza. Hata friji hainyamazi hivi."

Watu walicheka, na Muturi naye alicheka kidogo ili asionekane ameumia, kisha akakata unyayo mmoja mfupi kuliko mwenzake, jambo ambalo halikuwa limewahi kumtokea.

Hakuwahi kuingia katika duka lile. Aliapa hataingia. Lakini asubuhi moja ya Machi alimfuata mkewe kwa mbali, akajificha upande wa pili wa barabara nyuma ya mkokoteni wa viazi. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Alimwona Waringa ameketi juu ya gunia kama mtu aliye kwake. Alimwona Kahin kwa mara ya kwanza vizuri, mrefu, kanzu nyeupe, ndevu zimepakwa hina kidogo. Kahin alifungua friji, akatoa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa mlango na kuitazama kwa jicho moja. Kisha akaiweka kati ya viganja vyake na kuanza kuiviringisha, taratibu, taratibu, kama mtu anayepasha joto kifaranga. Na alipokuwa akifanya hivyo alisema neno, na Waringa akacheka.

Muturi hakuwa amekisikia kicheko hicho nyumbani tangu mkewe alipougua. Kilikuwa kicheko cha msichana aliyekutana naye kwenye stendi ya mabasi, kicheko cha kurusha kichwa nyuma. Alirudi Kariokor bila kujua alipita njia gani. Mchana kutwa viganja vile vyeupe vya Kahin viliviringika mbele ya macho yake.

Mwezi wa Agosti ikaja barua ya Teresiah.

Teresiah alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa na fundi wa pampu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya pamba kule Hola, mbali kabisa, kando ya mto Tana. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikuwa amepewa jina la mama ya mumewe, kama desturi inavyotaka. Sasa alikuwa amejifungua wa pili, msichana tena, na desturi ni ile ile: wa pili wa kike ni wa mama ya mama. Barua ilisema kwa ufupi, "Waringa amezaliwa. Njoo ujione."

Waringa aliisoma barua, akaikunja, akaifungua, akaisoma tena amesimama. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Nitakwenda," alisema. "Mwezi mzima. Nimbebe mpaka anijue."

Hola ilikuwa safari ya siku mbili. Siku ya kwanza hadi Garissa kwa basi, kulala huko, siku ya pili kuteremka na mto. Joto la njia ile liliyeyusha lami. Kule hakukuwa na dawa yake wala friji, kwa hiyo ilibidi abebe insulini ya mwezi mzima na aifikishe ikiwa nzima. Ikiharibika njiani, basi huyo aliyekwenda kumwona mwenye jina lake angezikwa kando ya mtoto. Wote wawili walilijua hilo, na hawakulitamka.

"Kahin amesema," alianza Waringa jioni hiyo, na Muturi akaweka chini sahani.

"Kahin amesema nini tena?"

"Lori lake linaenda Garissa Alhamisi. Dereva ni Abdiqadir, mtu mzima, nikae mbele. Na dawa amesema iwekwe ndani ya chungu kidogo, chungu kifungwe gunia lililoloweshwa, upepo ukilipiga—"

"Kahin amesema, Kahin amesema! Kwani Kahin ndiye aliyekuoa?"

"Baba Teresiah, punguza sauti. Majirani."

"Wasikie! Majirani wanajua kuliko mimi. Mwanamume ameweka pumzi yako kwenye sanduku lake miaka mitatu, sasa anataka na kukusafirisha. Akishakusafirisha, anipe na mimi kazi ya kufagia duka?"

Waringa alimtazama. Taa ilikuwa kati yao.

"Wewe," alisema, "hujawahi hata kuingia pale ukatoa salamu."

"Na sitaingia. Nitakupeleka mimi. Kwa basi, kwa nauli yangu, na dawa nitaibeba kwa mikono yangu. Chungu! Mgonjwa wa hospitali abebewe dawa kwenye chungu kama maziwa ya mbuzi!"

Siku sita zilizofuata Muturi hakukata akala hata jozi moja. Alitengeneza kasha. Kwa nje aliweka mpira wa tairi uliochongwa ukawa mwembamba, katikati vipande vya tyubu, ndani ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, na mshipi wa kubebea begani ulioshonwa kwa uzi wa mara mbili. Ndani ya kasha iliingia thamosi ya mdomo mpana, na ndani ya thamosi zingekaa chupa na barafu. Hata Dishon alipoliona hakupata la kusema. Alilishika, akalizungusha, akapiga mluzi. Muturi alihisi kitu kizuri kifuani ambacho hakukihisi muda mrefu. Kahin ana friji ya kununua, alifikiri. Friji hii nimeizaa mimi.

Barafu aliipata kwa Rispa, muuza samaki, ambaye samaki wake walitoka Kisumu wakiwa wamefunikwa barafu. Alikwenda kwake alfajiri ya siku ya safari.

"Nataka barafu isiyoyeyuka mpaka Garissa," alisema.

"Garissa! Shemeji, kule hata mawe hutoka jasho. Unabeba samaki?"

Hapo ndipo angesema ni dawa. Neno moja tu. Lakini kusema ni dawa ilikuwa kusema ya nani, na kusema ya nani ilikuwa kuuliziwa habari za friji na Kahin mbele ya wanawake wa samaki.

"Ni kitu cha mke wangu," alisema.

"Basi tia chumvi ya mawe, nyingi. Barafu ikipata chumvi inang'ata. Samaki wangu wakikaa humo wanakuwa wagumu unaweza kuwapigia misumari."

Muturi alifurahi. Nani angempita sasa? Kahin aliijua baridi ya kawaida tu. Yeye angeleta baridi inayong'ata. Alinunua chumvi, akaichanganya na barafu kwa mikono yake mpaka vidole vikafa ganzi, na ganzi ile ikampa raha.

Waringa alikwenda Eastleigh kujidunga mara ya mwisho na kuchukua chupa zake za mwezi. Muturi alimngoja kwenye kona, mgongo ameupa duka. Waringa akamletea chupa tatu. Akazitia katikati ya barafu, akafunga thamosi, akafunga kasha, akalitundika begani. Waringa alikuwa na kiondo kizito kilichojaa zawadi za mtoto, unga wa wimbi, na leso. Alikibeba mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Njia nzima hadi Garissa Muturi alilipakata kasha mapajani. Abiria mmoja, mwalimu aliyeitwa Matheka, alimuuliza kama ni redio. "Ni zaidi ya redio," alisema Muturi, na kila waliposimama aliweka kiganja juu ya ngozi. Ilikuwa baridi. Baada ya Mwingi upepo ulioingia dirishani ulikuwa kama wa tanuri, na bado kasha lilikuwa baridi. Alimtazama Waringa pembeni ili aone kama anaona. Waringa alikuwa ametia mkono ndani ya kiondo chake, macho nje, na kwenye kila kituo alinunua maji.

"Una kiu? Sukari imepanda?"

"Hapana. Joto tu."

Walifika Garissa jua lingali juu, wakachukua chumba katika nyumba ya wageni yenye ua wa mchanga. Asubuhi, Waringa alipokwenda kuomba maji ya moto ya kuchemshia bomba, Muturi alifungua thamosi. Barafu ilikuwa bado ipo, vipande vikubwa. Alitaka kupiga kelele kwa furaha. Akatia mkono, akatoa chupa ya kwanza.

Ilikuwa jiwe.

Dawa ile, iliyokuwa kama maziwa mepesi, ilikuwa imeshikana na kioo. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imepasuka ufa toka shingoni mpaka chini. Na hapo, baada ya miaka mitatu, lile agizo la tatu la muuguzi likamrudia sikioni kama limesemwa sasa hivi: isigande.

Aliketi kitandani. Akaziweka chupa mbili kwapani, moja kila upande, akazibana kama mtoto aliyeiba mayai. Ziliyeyuka polepole. Alipozitoa zilikuwa zimelainika, na moyo wake ukaanza kumshawishi. Imeyeyuka. Dawa ni dawa. Nani atajua? Akimwambia, atakuwa amemwambia kwamba Kahin aliweza na yeye hakuweza. Waringa aliingia na sufuria ya maji ya moto, na Muturi akamnyooshea chupa.

"Iko tayari," alisema.

Waringa hakuijaza kwenye bomba mara moja. Aliipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa jicho moja. Kisha akaiweka kati ya viganja na kuanza kuiviringisha, taratibu, taratibu. Muturi aliitambua mizunguko ile ya viganja, na hata katika hofu yake wivu ulimchoma: mke wake alikuwa anafanya kama Kahin.

Waringa aliinua chupa tena. Ndani, maji yalikuwa yamejitenga, na vipande vyeupe vilielea kama maziwa yaliyokatika.

"Ulitia nini?"

"Barafu."

"Na nini?"

"Chumvi," alisema Muturi. "Rispa alisema inang'ata."

"Ulimwambia ni dawa?"

Muturi alifunika thamosi.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Unajua kwa nini." Alitazama mchanga nje. "Sikutaka aniulize habari zake. Nilitaka ifike baridi kuliko ya yule mtu. Basi."

Alingoja atukanwe. Alingoja mkewe alie. Akilini alikuwa tayari anahesabu saa za kurudi Nairobi, na kama mwili wa Waringa ungestahimili. Waringa aliketi kwenye kitanda cha pili, akavuta kiondo, akaondoa leso, akaondoa unga wa wimbi, na toka chini kabisa akatoa chungu kidogo cheusi kilichofungwa gunia. Gunia lilikuwa limelowa. Alikifungua. Ndani, ndani ya kitambaa, mlikuwa na chupa moja.

Muturi aliigusa. Ilikuwa na ubaridi wa maji ya kisima, si zaidi.

Angefurahi. Mtu mwingine yeyote angepiga magoti. Lakini kilichompanda kooni kilikuwa kile kile cha kila siku, kikali zaidi: kwamba safari nzima, alipokuwa amepakata kasha lake kama mjinga, yule mtu alikuwa nao kwenye basi, kitini, miguuni mwa mkewe, akinyweshwa maji kila kituo.

"Ulikificha," alisema.

"Nilikificha. Ningekuonyesha ungekivunja."

"Hata sasa naweza."

"Kivunje." Aliweka chungu sakafuni kati ya miguu ya Muturi. "Kivunje, Baba Teresiah, kisha tutafute basi. Kama sitafika Nairobi, wewe ndiye utakayemwandikia Teresiah. Utamwandikia nini? Mamako alikufa kwa sababu chungu kilikuwa cha mwanamume mwingine? Hata hicho si chake. Ni cha mamake."

"Mamake nani?"

"Mamake Kahin. Mama Ruqiyo. Anaketi nyuma ya magunia, huwezi kumwona toka barabarani." Waringa alimtazama sawasawa, na Muturi akajua kwamba siku ile ya mkokoteni wa viazi alionekana. "Ana sukari miaka kumi na moja. Unafikiri duka la jumla lilinunua friji kwa ajili ya soda? Chupa za mle ni zangu na zake. Kila asubuhi Kahin anamtayarishia, kwa kuwa mikono ya mama hutetemeka. Mimi na mama huyo tunakunywa chai isiyo na sukari na kuicheka. Kila mwaka anapanda lori kwenda Isiolo kwa ndugu zake, siku tatu, na hicho chungu. Ningekwambia tangu mwaka wa kwanza. Lakini nikitaja jina la lile duka, unaanza kunoa kisu."

Muturi alikitazama chungu. Kilikuwa kimefinyangwa vibaya, mdomo umeenda upande. Yeye asingekitoa mikononi mwake kitu kilichopinda hivyo. Alikiinua, na kwa kitambo Waringa hakujua atafanya nini nacho. Kisha akatoka nacho uani, kwenye pipa la maji, akachota kwa kopo, akalilowesha gunia pande zote mpaka likadondosha, akakiweka kivulini mahali upepo ulipopita.

Aliporudi Waringa alikuwa amejaza bomba.

"Moja inatosha siku ngapi?" aliuliza Muturi.

"Kumi na tatu. Toa za njiani."

Kwa hiyo mwezi ukawa siku tisa. Huko Hola, Waringa mkubwa alimbeba Waringa mdogo asubuhi mpaka jioni kana kwamba anamwiba, na Teresiah aliuliza mara mbili kwa nini wanarudi mapema hivyo. Mara ya kwanza Waringa alisema ni kazi ya sokoni. Mara ya pili Muturi alisema, "Ni mimi. Niliiharibu dawa," akatoka nje. Alikishika chungu mwenyewe. Alililowesha gunia mara nne kwa siku, akakihamisha kufuata kivuli, akaigusa chupa asubuhi na jioni akitumaini kwa siri kuikuta imepata joto kidogo, joto dogo tu lisilodhuru, ili aweze kusema chungu nacho kina kasoro. Kila mara ilikuwa baridi sawasawa. Jambo hilo lilimuudhi mpaka siku ya mwisho. Teresiah alilia basi lilipoondoka, na mtoto, ambaye hakuwa amepata muda wa kumjua mtu, alilala.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Waringa alipojifunga leso, Muturi alivaa kofia.

"Unaenda wapi?"

"Kurudisha chungu cha watu."

Dukani aliinama kupita mlango ingawa haukuwa mfupi. Kahin alikuwa anapima mchele. Nyuma ya magunia, juu ya mkeka, kweli aliketi mama mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mbele yake vikombe viwili vya chai.

"Karibu, mzee," alisema Kahin. "Leo tumepata bahati. Chungu kilisaidia?"

Muturi alikuwa na majibu matatu, na mawili yalikuwa ya uongo.

"Kilisaidia," alisema. "Kasha langu liligandisha."

"Barafu?"

"Na chumvi."

Kahin hakucheka. Mama Ruqiyo ndiye aliyecheka. "Hata huyu kijana wangu," alisema, akimwonyesha Kahin kwa kidole, "mwaka wa kwanza aliziweka juu kabisa, penye barafu. Chupa nne! Nilimpiga na kiatu."

"Mama, si mbele ya watu," alisema Kahin.

Akaenda kwenye friji, akatoa chupa ya Waringa, akaiinua kwenye mwanga. Alipotaka kuiweka kati ya viganja, Muturi alinyoosha mkono.

"Nipe mimi."

Kahin alimtazama, akampa. Muturi aliiweka kati ya viganja vyake vyeusi kwa mpira wa matairi, vyenye sugu na nyufa, akaanza kuiviringisha.

"Polepole!" alisema Mama Ruqiyo. "Baba, unakata tairi?"

Na Waringa akacheka, kichwa nyuma, kile kicheko. Kilimchoma Muturi kama siku ile barabarani, kwa sababu si yeye aliyekitoa. Lakini alipunguza mwendo wa mikono, akaendelea kuviringisha, macho kwenye chupa, mpaka dawa ikawa sawasawa.